Tuta la Maua Mbele ya Hoteli ya Filister

Mtu wa kwanza kutupa pole alikuwa mgeni. Alishuka kwenye gari la kutoka Homa Bay asubuhi, akiwa na mfuko wa vipuri vya injini za boti, akasimama nje ya hoteli na kuvua kofia. Filister alikuwa mlangoni anakata mandazi. Yule mgeni akamwambia pole sana mama kwa yaliyompata, kisha akauliza kama marehemu alikuwa ameugua kwa muda mrefu. Filister akamuuliza marehemu gani. Mgeni akaonyesha kwa kidevu tuta letu la maua, upande wa kulia wa mlango, likiwa limezungushiwa vigae vyeupe.

Filister akaliangalia, kisu kikiwa mkononi. Mimi nilikuwa ndani, nakaanga kwenye karai la mafuta. Nilichungulia dirishani, na siku hiyo ndipo nilipoliona vizuri. Lilikuwa refu kama mtu aliyelala. Upande mmoja uliinuka kidogo, pale ambapo kichwa hukaa. Maua madogo ya zambarau, yale yanayoota hata pasipo na maji, yalikuwa yamefunguka juu yake yote.

Yule mgeni alikunywa chai akiwa amesimama, akalipa, akavaa kofia alipofika barabarani.

Halikuwa kaburi. Nilikuwepo lilipojengwa, na udongo wake nilibeba mimi kwa karai. Lilikuwa tuta la kikundi chetu, Muhuru Maridadi.

Kikundi kilianzishwa na Clifford, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kupiga picha za vitambulisho. Yeye ni shemasi kanisani kwa Wasabato. Alikuwa amekwenda Homa Bay mjini kwa mambo ya kanisa, akaona maua yamepandwa kandokando ya barabara. Aliporudi hapa Muhuru Bay akaanza kusema kwamba hata senta ya samaki inaweza kupendeza, si lazima mtu akishuka kwenye gari akutane na matumbo ya mbuta na mifuko ya plastiki. Watu walimcheka. Baadaye walimfuata. Tulikuwa tukikutana Jumapili, maana Wasabato hawashiki jembe Jumamosi, na Wakatoliki walitukuta baada ya misa wakiwa bado na nguo nzuri. Tuliokota taka, tukapaka tairi kuukuu rangi na kupanda maua ndani yake, na ukuta wa mashine ya kusaga ukachorwa samaki wakubwa wa buluu. Kila biashara ilitakiwa kutoa mtu mmoja. Filister akanitoa mimi.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Shule niliacha darasa la sita, na hata huko nilikuwa nakaa nyuma. Lakini kazi ya kikundi niliipenda, kwa sababu ukiwa umeinama na jembe hakuna anayekuuliza neno.

Naishi na Filister. Nimetoka Suna kwa kaka yangu, na hapa napika, naosha vyombo na kulala chumba cha nyuma karibu na magunia ya unga. Filister ni Mjaluo na mimi ni Mkisii, kwa hiyo Kiswahili ndicho tunachoongea jikoni, yeye na Kijaluo chake ndani na mimi na makosa yangu. Namwita mama. Hoteli hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo nyumba yangu. Ikifungwa narudi Suna, na mke wa kaka yangu aliniambia wazi siku niliyoondoka kwamba nafasi yangu hapo ameweka kuku.

Sasa tairi ziliisha kabla ya kufika kwetu. Austine akasema msijali, mimi nitawajengea kitu cha kudumu. Austine ni fundi wa simenti na ni mwanachama kama sisi. Kwa sehemu kubwa kazi yake ni makaburi. Mtu akishazikwa, familia ikipata nguvu baadaye, humwita Austine kuja kuinua ukingo na kubandika vigae, na anaitwa mpaka Macalder kwa sababu kazi yake haipasuki. Alileta vigae vilivyobaki kwenye kazi fulani. Hapimi kwa futi. Ana kamba yenye mafundo, na kila kitu anachojenga anakijenga kwa kamba hiyo. Akaitandaza chini mbele ya hoteli, akapigilia vijiti, akaanza. Sisi tulikuwa tunaangalia udongo na maua. Kazi ilipoisha Clifford akapiga picha, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyerudi nyuma hatua chache kulitazama.

Baada ya yule mgeni, kila mtu aliliona.

Tena lilikuwa upande wa kulia ukitoka mlangoni, na kwa Wajaluo hapo ndipo mwenye nyumba huzikwa. Mume wa Filister, Simeon, ni mlinzi Kisumu na hurudi sikukuu. Watu wa boda boda walianza kwa mzaha. Mmoja aliuliza kama supu ya leo ilibaki kwenye matanga. Mwingine alisema Filister ni mwanamke wa maana, amemzika bwana bila kusumbua mtu kwa mchango. Filister aliwajibu na wakacheka wote. Jioni Simeon akapiga simu. Sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka nilipokuwa.

"Mama Cephas, mimi niko hai," alisema. "Kuna mtu amenitumia picha ya kaburi langu. Lina maua."

Filister alimweleza. Simeon aliuliza kwa nini limeinuka upande wa kichwa.

Mzaha ukaisha, na wateja nao wakaanza kuisha. Wateja wetu wakubwa ni vijana wanaovua omena, wale dagaa wa ziwani. Wanatoka ziwani asubuhi, wamelowa, wana njaa, na wanapenda kukaa benchi la nje ili waone boti zao. Benchi hilo lilikuwa linatazama tuta. Mtu anayekesha usiku juu ya maji hataki kunywa chai akiangalia kitu kama kile. Hawakugombana na sisi. Walipita tu, wakisalimia kwa mkono, wakaenda hoteli ya kule chini karibu na mizani. Watu wa boda walihamisha pikipiki zao upande wa pili. Mandazi yalibaki. Nilikuwa nikiyapeleka jioni kwa akina mama wanaoanika omena ng'ambo ya barabara, na hata wao walianza kuniuliza kwanza yamepikwa na nani, na wapi.

Filister alipunguza unga, kisha akapunguza tena. Asubuhi moja hakuwasha jiko la pili. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba hali ikiwa hivi mpaka mwisho wa mwezi atafunga na kwenda kwa dada yake kule Sori.

"Na wewe uongee na kaka yako," akasema. "Mapema."

Nikasema sawa mama. Sikumpigia kaka yangu.

Siku hiyohiyo Filister alimfuata Clifford kibandani na kumleta. Clifford alisimama barabarani akaliangalia tuta, akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema mambo mengi: kwamba ni imani za zamani, kwamba watu watazoea, kwamba hilo ndilo tuta lililotoka vizuri kuliko yote kwenye picha. Filister akamwambia aketi kwenye benchi anywe chai ya bure. Clifford aliketi. Alikunywa nusu, akageuza mgongo, akamaliza akitazama ukuta. Halafu akasema Jumapili tutalitoa.

Austine ndiye aliyeumia. Alikuja Jumapili na nyundo, lakini hakuitoa mfukoni.

"Hii ni kazi safi," alisema. "Kuna familia zingelia kwa furaha kupata kitu kama hiki."

"Ndiyo shida yenyewe, Austine," Filister akamwambia.

Tulikuwa tumeshashika majembe wakati Dani Turfosa alipovuka barabara. Dani ni bibi kwa Kijaluo, na huyu ni dani wa senta nzima. Anaanika omena tangu senta ikiwa na nyumba za nyasi, na kanisani anakaa benchi la mbele, nyuma tu ya wazee. Mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki. Aliuliza tunataka kufanya nini. Clifford akamjibu kwa heshima kwamba tunasawazisha.

"Na ndani mnaweka nini?"

Clifford akasema hatuweki kitu, tunatoa maua na kurudisha ardhi ilivyokuwa. Dani akatikisa kichwa. Alisema kaburi likishachimbwa halifungwi tupu, hata kama limechimbwa kwa makosa, hata kama mgonjwa amepona. Linalazwa gogo la mgomba, linafukiwa, ndipo watu wanaenda nyumbani. Sisi wote tunalijua jambo hilo. Kwetu Kisii ni hivyohivyo.

"Lakini dani, hapa hakuna kaburi," Clifford alisema.

"Mimi najua. Na wewe unajua," Dani akamwambia. "Lakini watu wameshavua kofia hapa. Pole imeshatolewa. Ukilifunga tupu litatafuta mtu wake."

Nilimwona Filister anageuka kuangalia mlango wake, kisha upande ambao gari la Kisumu hupitia. Akamnyang'anya jembe mtu aliyekuwa karibu naye. Akasema hakuna atakayeligusa mpaka kitu kiwekwe.

Clifford akakataa. Alikataa kwa upole lakini alikataa kabisa. Alisema Muhuru Maridadi ni kikundi cha usafi na maua, na siku kikionekana kinazika mgomba mbele ya hoteli, wazee wa kanisa watamwita, na Wakatoliki nao wataitwa na padri wao, na hakutakuwa na kikundi tena. Dani akamwambia kwamba yeye pia ni Msabato tangu kabla Clifford hajazaliwa. Clifford akasema ndiyo dani. Lakini hakubadilika.

Kwa hiyo tuta likabaki. Sasa lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mwanzo watu walikuwa wanasema linafanana na kaburi, na baada ya Jumapili hiyo wakawa wanasema ni kaburi ambalo halijapata mtu. Hata mteja wa chai ya kubeba alikuwa anaagiza akiwa barabarani, nami nampelekea kikombe.

Katikati ya juma Filister alinituma kwa Mogire kutafuta ndizi za kupika, za kula sisi wenyewe. Mogire ni mtu wa kwetu aliyepata kipande cha shamba karibu na kijito, na amejaza migomba huko hata huoni nyumba yake. Nilimkuta ndani ya shimo. Alikuwa anapanda chipukizi. Kabla ya kulipanda alichukua gogo la mgomba uliokwisha kuzaa, akalilaza chini ya shimo, akatia udongo na mbolea ya mbuzi, ndipo akasimamisha chipukizi juu yake. Mama yangu alikuwa anapanda hivyo. Gogo linaoza polepole na kushika maji, na wakati wa jua chipukizi linakunywa hapo. Nimeona jambo hilo tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kulifikiria.

Nilisimama na kikapu mpaka Mogire akauliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia kwa Kikisii ninachotaka. Alijua habari ya tuta, kila mtu alijua. Alipoelewa alikaa pembeni ya shimo na kucheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye udongo. Akasema chukua, chagua unalotaka, na gogo nitakuletea mwenyewe na toroli.

Usiku huo sikumwambia Filister. Nilimwambia asubuhi, tukiwa tunachambua mboga, kwa sababu hapo hatutazamani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo gogo litalala?"

"Litalala, mama."

"Zima? Si kukatwakatwa?"

Nikasema naweza kuliacha zima. Akaendelea na mboga. Baadaye akasema mimi sina neno, lakini Clifford utamwambia wewe, maana mimi nikimwambia atasikia mambo ya Dani.

Hilo ndilo lililonipa taabu. Mpaka Jumapili nilikuwa narudia maneno moyoni nikikaanga, na mara mbili niliunguza. Watu walikuja wakiwa wengi kuliko kawaida. Mogire alikuwa amefika na toroli, gogo likiwa juu yake linachuruzika maji, na chipukizi langu lilikuwa limesimama kwenye ndoo. Dani na wenzake walikuwa upande wa pili, wanageuza omena na kutuangalia. Clifford aliliona lile gogo kabla hata ya kutusalimia, na uso wake ukabadilika.

Nikamwendea. Nilitazama vifungo vya shati lake.

"Nataka kupanda mgomba pale," nikasema.

"Na hilo gogo?"

"Ni la chini. La kushika maji."

Watu wote walisogea karibu, hata Mogire.

"Kwenu hupandwa hivyo?" Clifford akauliza. "Usinidanganye, Nyatichi. Hata shambani, bila mtu wa kuangalia?"

"Hata shambani. Muulize Mogire, juzi nimemkuta anapanda hivyo."

Mogire akasema ni kweli, na kwamba anayetaka kuona shimo aende akaone. Clifford aliliangalia gogo tena. Akaangalia ng'ambo ya barabara, ambako Dani alikuwa amesimama wima na omena mkononi.

"Kikundi ni cha kupanda," akasema mwishowe. "Panda."

Kisha akachukua kopo la rangi na brashi, akaenda kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, akaanza kurekebisha samaki ambaye hakuwa na kasoro. Alitugeuzia mgongo kazi yote.

Austine alibandua vigae kimoja kimoja, polepole, akivifuta na kuvipanga vizuri kwa kazi nyingine. Maua nilihamishia kwenye sufuria kuukuu ili tuyapande mahali pengine. Udongo ulikuwa laini, ule tuliouleta sisi wenyewe, na shimo likafuata umbo la tuta, kwa hiyo gogo likalala kwa urefu wake wote bila kusukumwa. Nilikuwa ndani ya shimo nikiliweka sawa nilipoona miguu ya Dani ukingoni. Alikuwa amevuka. Aliinama kwa taabu, akachota udongo kiganjani, akaumwaga juu ya gogo, akapangusa mkono kwenye leso yake. Wenzake wakafanya hivyo pia, mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alianza kuimba chinichini na Dani akamgusa begani, akanyamaza. Filister alikuja wa mwisho. Yeye alimwaga viganja viwili.

Baadaye nikatia mbolea, nikasimamisha chipukizi, nikalishindilia kwa miguu. Austine akaleta mawe ya ziwani akayazungusha. Safari hii hakutumia kamba. Mduara wake ulitoka vibaya, kama yai lililokanyagwa, na hakuna aliyemwambia kitu.

Dani aliuliza, "Uko chini?"

"Uko chini, dani," nikasema.

"Basi." Akarudi kwa omena zake.

Kesho yake hakuja mtu. Nilikuwa nimekanda unga mwingi bila kuulizwa. Siku iliyofuata walikuja watu wa boda wawili, wakakaa ndani. Mgomba mmoja mfupi kati ya mawe haukuwa wa kupendeza, na Clifford alipopiga picha za kikundi aliupita haraka. Nilianza kufikiria Suna. Nilifikiria yule kuku.

Ijumaa asubuhi Dani Turfosa alivuka barabara. Dani hanywi chai ya hoteli, kwa kawaida yeye hubeba uji wake nyumbani. Aliketi kwenye benchi la nje, katikati kabisa, akanyoosha miguu mpaka nyayo zake zikagusa mawe ya Austine. Aliita mandazi kwa sauti ambayo nafikiri ilisikika Tanzania. Alikula taratibu, akiongea na kila aliyepita kwa jina, akiwauliza samaki, watoto, na kwa nini wanamtazama hivyo, hawajawahi kuona mtu akila.

Vijana wa omena walikuwa wanapanda kutoka ufuoni. Walipunguza mwendo. Mmoja wao, Omanga, nahodha wa boti moja, akakaa mwisho wa benchi, mbali kidogo na Dani, na wenzake wakasimama nyuma yake kama watu wanaongoja tu. Nikaleta vikombe kabla hawajabadilisha mawazo. Nilileta na mandazi pia. Wakaketi. Walikuwa wanakula, na Filister alikuwa amesimama mlangoni akikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

Omanga alipomaliza, chini ya kikombe chake kulikuwa na majani ya chai. Vijana hawa huwa wanayamwaga popote. Aliinua kikombe, akatazama mgomba, akakishusha. Akamtazama Filister.

"Mwaga tu," Filister akamwambia. "Ni ndizi hiyo."

Akamwaga. Kisha akanipa kikombe nimletee chai nyingine.